Sura ya Sita: Kabla ya Kubadilisha Swichi

Ukitoka Changamwe kuteremka bandarini Kipevu, kreni za kontena zinaonekana kabla ya bahari yenyewe. Kituo cha Pili cha Kontena kilizinduliwa hapo Septemba 2016, kwa mkopo wa Japani, kikiwa na uwezo wa kuhudumia kontena 550,000 za futi 20 kwa mwaka. Mwaka 2022 awamu ya pili ikakamilika, na mwaka huohuo likazinduliwa gati jipya la mafuta kuchukua nafasi ya lile la 1963. Jirani kampuni ya umeme ya KenGen ilijenga mitambo ya dizeli, Kipevu I mwaka 1999 na Kipevu III mwaka 2011. Kwa mtu anayeishi na mota na swichi, ni vigumu kupata kipande kingine cha pwani chenye vitu vingi namna hii vinavyokwenda, vikafika mwisho, vikatakiwa kusimama: spreda (fremu inayoshika kontena) inapanda, troli inayoibeba inatoka juu ya meli, vali ya bomba la mafuta inafunga, reki ya mafuta kwenye injini inasogezwa kwa milimita.

Sura hii inahusu huo mwisho, na kifaa kidogo kinachoulinda. Kwenye vitabu kinaitwa swichi ya kikomo. Kazini kila mtu husema limiti. Bei yake ni ndogo, kuibadilisha ni kazi ya nusu saa, na kwa sababu hizo mbili ndiyo inayolaumiwa kwanza mashine ikigoma. Naandika sura nzima kuitetea. Mashine ikikuandikia kwenye kioo kwamba imepita kikomo, mara nyingi imekwambia kweli, na ukikimbilia kubadilisha swichi umemfukuza shahidi kabla hujamhoji.

Tuanze na mashine inavyojua ilipo. Mota ya servo inatofautiana na mota ya pampu ya kisima kwa jambo moja: nyuma ya shafti yake kuna enkoda inayohesabu mzunguko, na draivu inalinganisha mahali ilipoagizwa kwenda na mahali ilipo, mara maelfu kwa sekunde. Mota kubwa za kreni za gatini hufanya hesabu hiyohiyo, ila zinabeba tani badala ya kisu cha kukatia chuma. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yanamhusu fundi wa bandari, na pia yule wa karakana ya mashine za CNC aliye na meza ya kusogea nusu mita tu.

Mwisho wa safari haulindwi na kitu kimoja. Ulinzi wa kwanza ni namba tu ndani ya programu: ukifika mita kadhaa, simama. Wa pili ni swichi ya kupunguza kasi. Wa tatu ni swichi ya kusimamisha, ambayo inakataza mwendo wa kuendelea mbele lakini inakuruhusu kurudi nyuma. Wa nne ni swichi ya mwisho kabisa. Hii haimwombi ruhusa kompyuta. Waya wake unakata kontakta kuu moja kwa moja na breki inabana. Baada ya hapo ni bafa, au chuma kwa chuma. Kwenye upandishaji hata bafa hakuna: spreda ikipitiliza juu inagonga troli, mota inaendelea kuvuta, na kinachokatika ni kamba za chuma huku kontena ikiwa imening'inia.

Kwenye kreni nzuri swichi za kupanda ni za aina mbili, na sababu yake inafaa kueleweka. Moja iko ndani ya kisanduku mwishoni mwa ngoma ya kamba. Gia zinageuza kamu ndogo, na kila kamu inasukuma swichi yake baada ya idadi fulani ya mizunguko ya ngoma. Swichi hiyo haijawahi kuiona spreda. Inahesabu mizunguko tu. Nyingine iko juu kwenye troli, na inaguswa na chuma chenyewe kinachopanda. Mafundi wakibadilisha kamba, wakaweka iliyozidi au kupungua urefu kidogo, hesabu ya ngoma haisemi tena kweli kuhusu spreda ilipo. Kamu lazima zipangwe upya. Hili likisahauliwa ile ya pili ndiyo inayookoa watu, na siku itakapoita utasikia mtu akisema swichi ya juu ni mbovu, inakata ovyo.

Sasa umeitwa.

"Fundi, ishakata tena. Inasema imepita juu."

"Spreda iko wapi saa hii?"

"Iko chini hapa, juu ya trela."

"Usiguse kitu, nakuja."

Swali la fundi linagawanya kazi yote. Mashine imefika kweli mwisho, au haijafika? Dereva akisema spreda iko juu kabisa, basi swichi imefanya kazi iliyonunuliwa kuifanya, na unachotafuta ni kilichoifikisha mashine pale. Akisema iko chini, swichi au njia yake ya waya imesema uongo, na unatafuta mahali uongo ulipoingilia. Hizi ni safari mbili tofauti, na nimeona mafundi hodari wakianza ya pili kabla hawajauliza la kwanza. Ukibonyeza kitufe cha kufuta alamu kabla ya kuangalia mashine iko wapi, ushahidi umeondoka nayo. Andika kwanza: iko wapi, ilikuwa inaelekea upande gani, kasi gani, ina mzigo au tupu.

Uongo ni rahisi kidogo kuufuatilia, kwa sababu umewekewa utaratibu. Swichi za kikomo huungwa hivi: maadamu hazijaguswa, umeme unapita, zikiguswa, unakatika. Mwanafunzi huona kinyume, lakini fikiria waya ukikatwa na panya. Ungekuwa mpango ule mwingine, waya uliokatika ungefanana kabisa na swichi ambayo haijaguswa, na mashine ingekwenda hadi ukutani ikiwa na amani. Kwa mpango huu waya ukikatika mashine inasimama. Gharama yake ni kwamba kila terminali iliyolegea, kila unyevu ndani ya kiunganishi, kila kutu kwenye kontakti, itasoma kama kikomo kimefikiwa. Mashine itakusumbua. Afadhali ikusumbue.

Kipevu, msumbuaji mkuu ni chumvi. Upepo wa kusi unaileta, umande wa alfajiri unaiyeyusha, jua la saa nne linaiacha imeganda. Fungua swichi ya mkono wenye gurudumu iliyokaa miaka kadhaa upande wa bahari. Kwa nje ni kisanduku cha aluminiamu kilichochanua unga mweupe kwenye kona. Skrubu moja kati ya nne haizunguki. Ndani, mpira wa kuzuia maji umebanwa mpaka umekuwa kama utepe, na chini ya terminali kuna vumbi la kijani, ambalo ni shaba iliyoliwa. Kontakti zenyewe huenda bado zinang'aa. Ukipima kwa mita bila mzigo utasoma karibu sifuri, ukaifunga ukisema ni nzima, na kesho yake ikakata tena. Pima vingine: washa mfumo, weka mita kwenye ingizo la kompyuta ya kreni, ile mafundi wanayoiita PLC, kisha mtu autikise waya. Ukianzia na volti 24 ukaona inashuka hadi 15, ikarudi, ikashuka, umempata. Maji mengi hayaingii kwa kifuniko. Yanaingia kwa glandi ya waya, hasa fundi aliyeifunga alipoelekeza tundu juu. Elekeza tundu chini, na waya uuache uteremke kidogo kabla ya kupanda kuingia, ili matone yadondokee hapo.

Kosa la kuja na kuondoka ndilo linalokula usiku wa watu. Dawa yake ni kuuliza linafuatana na nini. Likitokea mahali palepale pa safari, kila mara, kwenda na kurudi, tafuta waya unaokunjika. Troli inavuta fungu la nyaya mbele na nyuma siku nzima, na uzi wa shaba hukatika ndani ya ganda ambalo kwa nje ni zima. Ukinyooka unagusana, ukikunjwa unaachana. Likitokea saa fulani, alfajiri au baada ya mvua, ni unyevu. Na likitokea wakati wa tendo fulani, mota inapochukua kasi au breki inapoachia, hapo swichi haina habari kabisa: ni kelele za umeme. Draivu hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kuiendesha mota, na waya wa swichi ukilazwa kwenye trei moja na waya wa mota unazibeba kelele hizo hadi kwenye ingizo. Zitenganishe, hakikisha ganda la waya limeungwa ardhini kama kitabu cha mtengenezaji kinavyotaka, na usishangae kukuta aliyetengeneza mwisho alilikata akalifunga utepe mweusi ili paonekane nadhifu.

Kwa sensa zisizoguswa, zile za kuhisi chuma, ongeza jambo moja. Zipo zinazotoa chanya na zipo zinazovuta hasi, na sura yake ni ileile, uzi wa skrubu uleule, rangi za nyaya zilezile. Ukinunua mjini kwa kulinganisha umbo utarudi na sensa inayowaka taa yake vizuri huku kompyuta haioni kitu. Soma namba iliyochongwa ubavuni, herufi kwa herufi.

Turudi kwenye hali nzito, ambapo mashine imefika kweli. Kwa nini imepita?

Mara nyingi imesahau nyumbani. Kila hesabu ya mahali huanzia kwenye sifuri, na sifuri hiyo inawekwa na mtu. Enkoda nyingi za servo hutunza mahali kwa betri ndogo ndani ya kabati la draivu. Betri ikifa mashine ikiwa imezimwa wikendi, Jumatatu inaamka haijui ilipo. Au kapilingi inayoshika enkoda kwenye shafti imelegea ikateleza robo mzunguko. Hapo kila mwendo utakuwa sahihi na kila mahali patakuwa si pake, sawa na fundi cherehani anayepima kwa tepu iliyokatwa mwanzoni. Ulinzi wa kwanza, ule wa namba, umeshakufa bila kutoa sauti, na kikomo cha chuma ndicho cha kwanza kusema. Fundi anayebadilisha swichi hapa ameacha ugonjwa mzima ulipokuwa. Chora alama ya rangi inayovuka shafti na kapilingi siku mashine iko sawa. Siku ya shaka utajua kwa kutazama tu.

Sababu nyingine ni kasi, na hapa hesabu inasaidia kuliko uzoefu. Umbali wa kusimama ni mraba wa kasi, ugawanye kwa mara mbili ya kiwango cha kupunguza kasi. Troli ya kreni ya kisasa inaweza kwenda mita 240 kwa dakika, yaani mita 4 kwa sekunde. Tuseme inapunguza kasi kwa mita 0.6 kwa sekunde kila sekunde. Mraba wa 4 ni 16. Gawanya kwa 1.2, unapata mita 13 na zaidi. Swichi ya kupunguza kasi iliyowekwa mita 8 kutoka mwisho ni pambo. Spreda tupu inaweza kupanda mara mbili ya kasi ya yenye mzigo, kwa hiyo inahitaji umbali mara nne. Ndiyo maana mashine inayosimama vizuri siku nzima na mzigo hupitiliza pale inapoenda tupu, na watu wakasema inachagua. Mtu akiongeza kasi kwenye draivu ili meli iondoke mapema, swichi zote zilizopangwa kwa kasi ya zamani zimeshasogezwa, ingawa hakuna aliyezigusa.

Lakini kosa ninalolihofia kuliko yote ni la fezi.

Chukua winchi ya umeme ya kawaida kwenye karakana yoyote ya Changamwe. Mota imeungua, ikapelekwa kusukwa, imerudi, imeungwa. Au transfoma ya mtaa imebadilishwa na nyaya mbili kati ya tatu zikarudishwa kwa kupishana. Fezi mbili zikipishana, mota inageuka kinyume. Unabonyeza kitufe cha juu, ndoano inashuka. Mtu anacheka: "Basi tumia cha chini kupandishia, tutaitengeneza kesho." Sasa itazame swichi ya juu. Yenyewe ni nzima, nyaya zake nzima, na imeungwa kukata koili ya kontakta ya kupanda. Lakini kontakta ya kupanda haifanyi kazi. Inayofanya kazi ni ya kushuka, na ndiyo inayoipandisha ndoano. Swichi inaguswa, inafunguka, inakata kile ambacho hakikuwa kimewaka, na ndoano inaendelea kupanda. Ukifika baada ya ajali ukaipima swichi utaikuta haina kosa hata moja. Relei ya kuangalia mpangilio wa fezi, inayokataa kuwasha mtambo fezi zinazoingia zikipishana, ni ya bei ndogo kuliko kamba moja ya chuma.

Vali za mota kwenye mabomba zina hatari hiyohiyo. Vali ikielekea kufunga husimamishwa na swichi ya nguvu ya kukaza. Ikigeuka kinyume, swichi inayoitwa siyo inayohusika, na shina la vali hupinda. Kwa servo hali ni ya haraka zaidi: fezi zikipishana, draivu inaagiza mbele, enkoda inasema tunarudi, draivu inaongeza nguvu, mota inarudi zaidi. Mafundi husema imetoroka. Draivu nzuri huizima papo hapo kwa alamu ya kasi. Cha kujihadhari zaidi ni pale fundi anapobadilisha mwelekeo kwenye mipangilio ya draivu bila kubadilishana nyaya za swichi mbili za mwisho. Kila kitu kitakwenda sawa katikati ya safari. Ikifika kulia, swichi ya kulia itasomwa kama ya kushoto, na draivu itakataza kurudi na kuruhusu kuendelea.

Kulaumu swichi hakukuanza kwetu. Therac-25 ilikuwa mashine ya tiba ya mionzi iliyotengenezwa na AECL ya Kanada. Julai 1985, huko Hamilton, Ontario, mgonjwa alipigwa mionzi kupita kiasi. Wahandisi hawakuweza kuirudia hitilafu ile, wakashuku swichi ndogo zilizokuwa zikionyesha mkao wa sahani inayozunguka. Wakabadilisha mpango wa swichi na kutangaza kwamba usalama umeongezeka angalau mara 100,000. Mwaka uliofuata, Machi na Aprili, wagonjwa wawili walipigwa tena huko Tyler, Texas. Kasoro iliyowapiga wa Tyler ilikuwa kwenye programu. Watu wenye shahada na vipimo vya kila aina walikitazama kifaa rahisi kuliko vyote ndani ya mashine wakaona hicho ndicho, kwa kuwa ndicho walichojua kukirekebisha.

Yapo matukio, bila shaka, ambapo swichi ni mbovu kweli. Ukinunua mpya kwa ajili ya kikomo cha mwisho, tafuta alama ya mshale ndani ya duara. Maana yake ni kwamba mkono wa swichi unazisukuma kontakti kwa chuma hadi ziachane, hata kama zimeungana kwa joto. Swichi isiyo na alama hiyo inategemea springi ndogo, na springi haiwezi kubandua chuma kilichochomelewa. Dukani zinakaa rafu moja, na ile ya rahisi ndiyo utakayoonyeshwa kwanza.

Na sasa jampa. Meli inasubiri, shifti inakwisha, na mtu anasema tuiweke dairekti kwanza. Kipande cha waya cha sentimita kumi kinaunganisha terminali mbili ndani ya kabati, alamu inapotea, kazi inaendelea. Sitajifanya kwamba hilo halitendeki. Nitasema tu kwamba watengenezaji wa kreni wanajua kuna wakati lazima uipite swichi ili kuirudisha mashine kutoka mwisho, ndiyo maana wameweka swichi ya ufunguo: unaishika kwa mkono, mashine inakwenda pole pole, ukiiachia inasimama. Jampa haina mkono wa kuiachia, na haionekani kutoka kwenye kibanda cha dereva. Atakayeingia saa moja usiku hajui.

Kanuni za Marekani za kreni za juu, namba 1910.179, zinadai swichi ya juu ijaribiwe mwanzoni mwa kila shifti, bila mzigo, kwa mwendo wa kunyata, na zinakataza kabisa kuitumia kama njia ya kawaida ya kusimamishia. Madereva wanaopandisha mpaka ikate, kisha wakaona wameokoa sekunde, wanakula ulinzi wao wenyewe kidogo kidogo. Kwetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mashine za kuinulia zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Lakini mkaguzi anakuja siku yake na kuondoka, na chumvi haina ratiba.

Ukishamaliza kutengeneza, jaribu hivi. Mashine ikiwa katikati ya safari, bila mzigo, iendeshe pole pole kuelekea upande mmoja, na mwenzako mwenye redio aisukume kwa kijiti swichi ya kusimamisha ya upande huohuo, akiwa amesimama pasipoweza kumfikia. Lazima isimame. Bila kuiachia swichi, agiza mwendo uleule: lazima ikatae. Agiza kurudi: lazima ikubali. Ikikataa kurudi na kukubali kuendelea, zima umeme, nyaya za pande mbili zimepishana. Rudia upande wa pili hata kama hukuugusa. Kisha tu iache ifike mwisho yenyewe, kwa mwendo wa kunyata, halafu kwa kasi ya kazi, na upime kwa tepu umebaki umbali gani hadi kwenye chuma. Umbali huo uandike kwenye kitabu cha shifti pamoja na tarehe, kasi na jina la swichi. Jaribio la mwezi ujao likionyesha umbali umepungua, anza na breki na kapilingi ya enkoda, na swichi uiache ilipo.